UZI MREFU: Mto Mara unatulisha watu wa Kirumi miaka yote, ila hakuna palipoandikwa unatulisha kwa shilingi ngapi

#1 Mleta uzi (Mwanza)

Habari za saa hizi wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite atarudi jioni, nimekaa na hili jambo tangu mwezi wa nane na leo nimeamua kulishusha lote.

Mimi niko Mwanza, nahangaika na samaki wakavu na dagaa pale Mwaloni Kirumba, ila nyumbani hasa ni Kirumi, pale darajani ukiwa unaenda Tarime na Sirari. Wasafiri wa njia ile wanapajua, ukifika darajani unaona kijani kimetanda mpaka macho yanachoka, yale ni mafunjo, na katikati yake ndo Mto Mara unapita taratibu kama hautaki kufika ziwani. Huo mto sio wetu peke yetu. Maji yanaanzia msitu wa Mau huko Kenya, Nyangores na Amala zinakutana ndo inazaliwa Mara, inapita Maasai Mara kwa wanyama, inaingia Serengeti, halafu inakuja kutanuka huku kwetu kwenye kinamasi kabla ya kuingia Ziwa Victoria jirani na Musoma. Karibu kilomita 400 hivi. Na kama theluthi mbili ya bonde lake iko Kenya, sisi tuko mkiani, kinachofanyika juu kinatukuta tumekaa.

Sasa mwezi wa nane nilienda kumsalimia mama mdogo. Siku ya pili asubuhi akaja kijana na fomu za mkopo wa kikundi cha akina mama, kijana mstaarabu tu, akawa anajaza jina, umri, idadi ya watoto, akafika kwenye kazi. Mama mdogo akajibu "sina kazi mwanangu, niko nyumbani tu". Kijana akaandika. Kwenye kipato akachora mstari.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nakula viazi na chai, na huyo mama nilimwona saa kumi na moja alfajiri akitoka na panga na kamba kwenda kwenye mafunjo, karudi saa tatu kalowa mpaka kiunoni. Saa tano angekuwa barabarani na beseni la samaki wa kukaanga. Jioni bustanini. Iliniuma sana, na kilichoniuma zaidi ni kwamba kijana hakukosea, aliandika alichoambiwa. Ni mama mwenyewe ndo haamini kwamba ile ni kazi, kwa sababu kwake mto uko pale tu kama jua lilivyo pale.

Nikamwambia mama mdogo lete daftari la mtoto la shule, tuandike mwezi mmoja, kila kitu kinachotoka mtoni kiingie humu. Alicheka ila akakubali. Mjukuu wake wa darasa la sita ndo alikuwa mwandishi, na kijana aliandika kwa uaminifu kweli, mpaka siku ambazo hakuna kitu kaandika "leo bibi anaumwa mgongo".

Matokeo naweka kwenye komenti inayofuata, simu inaishiwa chaji.

#2 Mchangiaji (Musoma)

Tunasubiri mkuu. Hapo kwenye "niko nyumbani tu" umemwandika mama yangu mzazi.

#3 Mleta uzi

Nimerudi. Naanza na mafunjo maana ndo kazi niliyoiona kwa macho, siku ya tatu nilimfuata. Unaingia kwenye maji yamefika mapajani, chini ni tope linalovuta mguu, unashika shina la funjo unalikata chini kabisa karibu na maji, ila sio kila shina, yale membamba yenye kichwa kilichofumba anayaacha, anasema hayo ni ya mwezi ujao. Anakata mzigo unaomtosha kuburuta, sio kubeba, anauburuta juu ya maji ndo urahisi wake. Nchi kavu anavikata vichwa, anatandaza mashina juani siku kadhaa akiyageuza mpaka kijani kiishe yawe rangi ya majani makavu, ndo anashona kwa kamba shina moja moja. Jamvi moja lililonyooka ni saa nyingi za kazi, ukiacha na kukata. Anauza 4,000. Kwa mwezi ule alishona 20, hiyo ni 80,000, na malighafi ni bure, hakuna duka alilolipa.

Samaki. Yeye havui, ananunua kwa vijana wa mitumbwi alfajiri, kambare, kamongo, sato wadogo kama wapo, anakaanga anauza kwa wasafiri na madereva. Siku akitoka barabarani faida yake baada ya kutoa mafuta, mkaa na mtaji ni kama 6,000. Alitoka siku 16, ni 96,000.

Bustani ya nyanya kwa ajili ya kiangazi, huo ndo wakati wa bei maana kwingine pamekauka. Alivuna matenga 9 akauza 18,000 kila moja shambani kwake, 162,000. Toa petroli ya pampu ya kukodi na dawa, 47,000. Inabaki 115,000.

Halafu vile ambavyo havikuwahi kugusa mfuko wake kama pesa, na hapa ndo tulibishana sana. Samaki wa kula nyumbani mafungu 12, kwa bei ya 2,000 ni 24,000. Maji ya nyumbani madumu 8 kwa siku, na kwa anayeletewa na bodaboda pale senta dumu ni 300, kwa hiyo ni 2,400 kwa siku, mara siku 30 ni 72,000 ambayo hakuilipa. Mama mdogo akasema maji usiyaweke, nani ananunua maji wakati mto upo? Nikamwambia ndo hivo mama, siku mto usipokuwepo utayanunua.

Jumlisha: 80,000 na 96,000 na 115,000 na 24,000 na 72,000. Ni 387,000 kwa mwezi mmoja. Na hapo sijaweka ng'ombe wake wawili wanaokunywa na kula majani ya pembezoni, sijaweka matofali ambayo jirani kamfyatulia kwa udongo na maji ya hapo hapo. Mtoto wake mkubwa anauza duka la watu huku mjini analipwa laki na nusu na ndo anahesabiwa kwamba ana kazi.

Najua sio kila mwezi uko hivo. Masika nyanya hazipo, barabarani mvua inamzuia, na mafunjo hayakauki. Ila hata ukigawa kwa nusu, kuna fomu ilijazwa kwamba huyu mama kipato chake ni mstari.

#4 Mchangiaji (Mwanza)

Mkuu heshima yako ila naomba nipingane kidogo. Faida ya kweli ya Mto Mara ni utalii. Nyumbu zaidi ya milioni wanakuja kaskazini mwa Serengeti kiangazi kwa sababu ya ule mto, dunia nzima inakuja Kogatende kuwaona wakivuka. Hizo ndo dola. Jamvi la mafunjo la 4,000 halijengi nchi. Na pia tusidanganyane, Ziwa Victoria maji yake mengi sana ni ya mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mito yote ikijumlishwa ni sehemu ndogo na Mara sio hata mkubwa, mkubwa ni Kagera.

#5 Mleta uzi

Kwenye maji uko sahihi kabisa mkuu, mvua ndo inalijaza ziwa, na Kagera ndo mto mkubwa unaoingia. Sibishi. Ila samaki hazaliwi katikati ya ziwa kwa wingi wa maji tu. Chukua ningu. Wazee wa kwetu wanamwongelea kama mtu aliyekufa. Ningu anakaa ziwani ila mvua zikianza anapanda mto kwenda kutaga kwenye maji yaliyofurika, na zamani watu wa midomo ya mito walikuwa wanamngoja msimu huo kama wakulima wanavyongoja mavuno. Ikaja nyavu za nailoni zikatandazwa mdomoni kabisa mwa mito, wakawa wanamkamata akiwa na mayai kabla hajapanda, na ndani ya miaka michache samaki aliyekuwa chakula cha pwani nzima akawa wa kuonekana kwa bahati. Hiyo ilitokea Kenya na ikatokea huku. Kambare naye anahitaji maji ya mafuriko ya pembezoni. Kwa hiyo mto unaweza kuwa tone kwa ujazo na bado ukawa chumba cha uzazi.

Na mafunjo yenyewe yana kazi ambayo hayalipwi. Tope na uchafu unaoshuka kutoka mashambani na migodini na kwenye miji midogo, yanausimamisha pale kinamasini maji yanaingia ziwani yamepungua makali. Sisi wa Mwanza tunakunywa ziwa hilo hilo.

Kwenye utalii nakubali pia, sina ugomvi na nyumbu. Ila angalia hapo mkuu, wewe umeweza kuniambia faida ya utalii kwa sababu kuna geti, kuna risiti, kuna mtu anayehesabu wageni. Mto ule ule ukitoka hifadhini ukifika Buswahili, Wegero, Marasibora, Kirumi, hesabu inaishia hapo hapo na watu ndo wanaanzia hapo. Hicho ndo kilio changu.

#6 Mchangiaji (Ngara)

Naunga mkono. Huku kwetu Kagera ni vile vile. Pale maporomoko ya Rusumo pana mtambo wa megawati 80, Tanzania, Rwanda na Burundi tunagawana sawa, na ni jambo zuri sana, umeme tumeuona. Kila mtu anaijua ile 80 kwa sababu umeme una mita. Ila mto ule ule una watu wa mitumbwi, wanaovua, wanaolima mabondeni, hujawahi kusikia namba yao mahali. Kitu kikiwa na mita kinaheshimiwa.

#7 Mchangiaji (Bomet, Kenya)

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi natoka Bomet, Nyangores iko karibu sana na shamba yangu, kwa hivyo mimi ndiye huyo wa juu mnayemuongelea na sikasiriki. Huku mto unatupa mengi pia, pale Tenwek hospitali ina mtambo wake wa umeme kwa maporomoko ya Nyangores tangu miaka ya 80, na tunalima chai, mahindi, waru (viazi), tunafuga ng'ombe wa maziwa. Ukweli ni kwamba babangu alilima mpaka ukingoni kabisa, na mimi nikaendelea hivyo. Kila mvua kubwa ya mwezi wa nne nilikuwa naona mchanga wangu mwekundu ukiingia kwa mto na sikuwahi kujiuliza unaenda wapi. Sasa ndio nasoma hapa unaenda wapi.

Miaka kadhaa iliyopita niliacha kulima ile sehemu ya chini, nikapanda nyasi ya napier na mianzi. Sikufanya kwa sababu yenu, niseme ukweli, nilifanya kwa sababu nilikuwa napoteza mbolea. Lakini napier inalisha ng'ombe wawili zaidi na maziwa yanalipa kuliko yale mahindi ya ukingoni. Shida ni kwamba jirani wa chini yangu bado amepanda mikaratusi mpaka kwa maji na analima juu yake. Nikimwambia ananiuliza, je, watu wa Tanzania watanilipa?

#8 Mleta uzi

Ndugu wa Bomet asante sana kwa hii komenti, nimeisoma mara tatu. Huo udongo wako mwekundu tunaujua. Kinamasi chetu kimekuwa kikubwa kuliko kilivyokuwa miaka ya 70, hata watu wanaoangalia kwa picha za satelaiti wameona, na sababu mojawapo kubwa ni tope linaloshuka linajaza mto unakosa pa kupita unatanuka pembeni. Babu yetu alikuwa na shamba la mihogo, mama mdogo ananionyesha kwa kidole liko wapi, ni ndani ya mafunjo huko, hatua mia mbili hivi kutoka nchi kavu ya leo. Shamba la babu limefunikwa na shamba la babako, kwa lugha ya kawaida.

Na lile swali la jirani yako sio la kijinga hata kidogo. Ndo swali lenyewe. Ila hata akitokea mtu wa kulipa leo, atauliza mnapata hasara ya shilingi ngapi huko chini, na sisi tutaangaliana. Hatuna daftari.

Hapa ndo inabidi niiseme 2022.

#9 Mleta uzi (naendelea)

Machi 2022 wengi mnakumbuka ilivyotangazwa. Maji ya Mto Mara maeneo ya Kirumi yaligeuka meusi yakawa yananuka, samaki wakaelea wamekufa. Mama mdogo anasema asubuhi ile alisikia harufu kabla hajafika, akadhani ni mnyama kafia kwenye mafunjo, kufika anakuta kambare wakubwa wamegeuza matumbo juu, na kambare ni samaki ambaye unamtoa majini asubuhi mchana bado anapumua, ukiona yeye amekufa ujue mle ndani hali ni mbaya kweli. Watu wakaambiwa wasitumie maji wala samaki kwa muda. Serikali ikaunda kamati, kamati ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe wengi wa bondeni pamoja na mimea iliyooza, ukamaliza hewa majini. Wengi hawakuridhika, wakanyoosha kidole migodini, mjadala ukawa mkubwa mpaka bungeni. Mimi sio mkemia. Najua huko juu upande wa Kenya watafiti walishaonyesha kwamba mvua ikija ghafla ikakokota kinyesi cha viboko kilicholala kwenye madimbwi, hewa inaisha samaki wanakufa, kwa hiyo jambo la kinyesi kuua samaki lipo duniani. Na najua pia watu wana haki ya kuuliza na kujibiwa kwa vipimo.

Ila mimi hoja yangu iko pengine. Nchi nzima ilibishana nani kachafua. Sikumsikia hata mmoja akiuliza mama wa beseni kapoteza kiasi gani. Wiki zile mama mdogo hakuuza samaki hata mmoja. Hata maji yalipotulia wasafiri waliendelea kukataa, basi linasimama mtu anauliza "hawa wa mto huu?", akisikia ndiyo anarudisha mkono dirishani. Maji alikuwa ananunua kwa dumu. Alikopa kwa jirani, na lile deni lilimalizika mwaka uliofuata. Na mimi huku Kirumba mzigo wa kamongo wa kutoka kwetu ulikaa mpaka ukaingia wadudu.

Angekuja mtu siku ile akasema nataka kuwafidia, mama mdogo angeonyesha nini? Fomu inasema hana kazi.

#10 Mchangiaji (Kirumba, Mwanza)

Nathibitisha hilo la 2022, nilikuwa sokoni. Hata wa kutoka ziwani kabisa mteja alikuwa anauliza wametoka wapi. Wauzaji wengine walikuwa wanawataja wa Ukerewe hata kama sio, ili mzigo utoke.

#11 Mchangiaji (hakutaja mahali)

Mleta uzi unaongea vizuri ila sheria unaijua? Mita 60 kutoka ukingo wa mto hairuhusiwi shughuli za kudumu za binadamu. Hiyo bustani ya nyanya ya mama mdogo iko umbali gani? Isije ikawa tunamlaumu wa Bomet wakati sisi wenyewe tunalima majini.

#12 Mleta uzi

Swali la haki na nalijibu bila kuzunguka. Bustani ilikuwa hatua kama thelathini kutoka majini. Iko ndani ya mita 60. Sheria ya mazingira ya 2004 na ya rasilimali za maji ya 2009 zote zinalizungumzia hilo na mama mdogo hakuwahi kuzisikia mpaka mwaka huu, alijifunza kwenye kikao cha jumuiya ya watumia maji. Tumeongea naye. Msimu ujao anahamia juu kwenye kipande cha shemeji yake. Gharama yake ipo, mpira wa kumwagilia lazima uwe mrefu zaidi, pampu itanyonya petroli zaidi, zile 47,000 zitapanda, na dawa za nyanya ambazo mvua ilikuwa inaziosha moja kwa moja mtoni hazitafika tena kirahisi. Mpira wa ziada ninanunua mimi.

Lakini mkuu angalia kitu kimoja. Bila lile daftari tusingejua kuhama kunamgharimu kiasi gani. Wengi wanafukuzwa ukingoni kwa gari la matangazo, wanarudi baada ya wiki mbili kwa sababu hakuna aliyewauliza ile bustani inalipa ada ya nani. Ukijua ni 115,000 kwa mwezi wa kiangazi, unajua unachotakiwa kumsaidia mtu ili ahame na asirudi.

#13 Mchangiaji (Nyamagana)

Mimi naongezea la historia kidogo maana mada ni mto wa kuchangia. Haya maji yote ya Mara, Kagera, Simiyu mwisho wake ni Nile. Mwaka 1929 Uingereza iliandikiana na Misri kwamba huku juu tusifanye kitu cha kupunguza maji bila ridhaa yao. Mwalimu Nyerere tulipopata uhuru alikataa kurithi mikataba ya namna hiyo, akaiandikia Uingereza na Misri na Sudani mwaka 1962. Na kabla ya hapo 1959 Misri na Sudani walishagawana, Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudani bilioni 18.5, na huku juu hatukuwekewa hata tone. Ule mkataba mpya wa bonde zima ulisainiwa Entebbe 2010, Tanzania ikiwemo siku ya kwanza, na umeanza kutumika Oktoba 2024 tu. Aliyekaa mezani na namba ndo alipata namba.

#14 Mleta uzi

Mkuu umenipa silaha. Wale waliingia na bilioni zenye nukta ndani yake. 55.5! Sisi tunaingia na "mto ni uhai".

Kila tarehe 15 Septemba kuna Siku ya Mara, Kenya na Tanzania wanaiadhimisha pamoja, mwaka huku mwaka kule. Nimewahi kwenda mara moja. Kuna hotuba, kuna kupanda miti, kuna ngoma nzuri tu, Wakurya na Wamasai wanacheza mpaka vumbi linapanda. Nataka mwaka ujao watu wa Kirumi waende na madaftari. Sio utafiti wa kitaalamu, hapana, ni mama kumi tu, vijana wa mitumbwi kumi, wafyatua matofali, wenye ng'ombe, kila mmoja mwaka mmoja wa kuandika kinachotoka mtoni na siku ambayo hakikutoka na kwa nini. Nimeongea na mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji kwa simu amekubali. Bodi ya maji ya bonde letu ofisi yao iko hapa hapa Mwanza, wao ndo wanaotoa vibali vya wanaotaka kuvuta maji mengi, nitawapelekea nakala mwenyewe kwa mkono. Mwenye mgodi au shamba kubwa akiomba kibali anakuja na makaratasi yanaonyesha atazalisha nini. Na upande wa pili wa meza kuwe na karatasi ya mama wa jamvi.

Ndugu wa Bomet kama upo, andika na wewe. Ile napier na maziwa yake, kabla na baada. Ile ndo karatasi ya kumwonyesha jirani yako wa mikaratusi, itamgusa kuliko maneno ya Mtanzania asiyemjua.

#15 Mchangiaji (Bomet, Kenya)

Niko. Rekodi za maziwa ninazo kwa sababu ya ushirika, za mahindi nitakumbuka kwa makadirio. Nitaanza mwezi huu. Na jirani nitampelekea huu uzi, anasoma Kiswahili vizuri kuniliko.

#16 Mchangiaji (Musoma)

Mleta uzi nisaidie namna ya kuanza. Mama yangu hajui kusoma na wajukuu wako shule ya bweni.

#17 Mleta uzi

Sisi tulitumia mjukuu ila jirani yake mmoja ambaye hana mtoto nyumbani anatumia maharage. Kopo la samaki, kopo la jamvi, kopo la maji, kila kinapopatikana kitu anatupia punje, mwisho wa wiki mtu yeyote anayejua kuandika anahesabu. Muhimu lile kopo la siku mbaya lisisahaulike, siku ambayo mto ulikuwa mchafu, umefurika au mamba ameonekana watu hawakuingia. Hilo ndo linasahaulika kuliko yote, watu wanapenda kuandika walichopata.

Na bei aandike ya siku ile ile, asisubiri, nyanya ya Jumatatu sio nyanya ya Ijumaa.

#18 Mchangiaji (Mwanza, yule wa #4)

Nimesoma yote. Lile la jamvi kutojenga nchi nalirudisha. Nina swali tu, yule kijana wa fomu ilikuwaje?

#19 Mleta uzi

Asante mkuu, hakuna shida.

Kijana alirudi mwezi wa kumi kuwapitia wale ambao maombi yao yalikwama, mama mdogo akiwa mmojawapo. Akamkuta anashona. Mama hakusema kitu, akamwita mjukuu alete daftari, kijana akakaa kwenye jamvi lile lile lililokuwa bado halijakatwa ncha akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akauliza hii "mgongo" ni nini, akaelezwa. Akatoa fomu mpya. Kwenye kazi akauliza niandike mkulima au mfanyabiashara? Mama mdogo akamwambia andika vyote na mafunjo uyaweke. Mkopo bado hatujajua, majibu hayajatoka.

Jana usiku kanipigia. Mvua zimeanza kule juu, maji yamepanda na yamekuja na rangi ya chai ya maziwa. Vijana wa mitumbwi wameleta ningu watatu, wadogo, alikuwa hajawaona tangu mwaka juzi. Kanunua wote, hakukaanga, wamewala nyumbani na wajukuu, na kwenye daftari wameandikwa fungu moja, 2,000.